Karani na Neno Lake

Nalikuwa ni karani
Hapa Amu forodhani
Kalamu i sikioni
Nikilipwa kwa rupiya.

Napima pembe na ngozi
Ufuta, nta, na nazi
Na mpira wa machozi
Harufu yake ni mbaya.

Ndipo Mdachi kafika
Sanduku ameliweka
La barua kupeleka
Hakuna wa kuzitiya.

Nami nikacheka sana
Kwa ujinga na ujana
Sikujuwa kuwa jina
La nchi laweza ngiya;

Kwamba bahasha nyepesi
Yabeba mji kwa kasi
Na makaburi na nyasi
Hata mezani Ulaya.

Huko mabwana wawili
Wagawa kwa penseli
Watukata mbali mbali
Kama nguo ya kuvaya.

Waniuliza sababu?
Haikuwa ya ajabu:
Naliishika, swahibu,
Mizani nikipimiya.

Pembe niliyoandika
Huko ng'ambo ikifika
Ni kinanda chasikika
Binti akichezeya.

Na mpira wa uvundo
Ukapata wake mwendo:
Gurudumu, si upondo,
Njia zao kupitiya.

Mwenye njaa ya mashine
Haulizi la mwingine
Sharti wakimbizane
Nani wa mbele kungiya.

Siku moja wakanita
Waraka wameuleta
Neno moja likasita
Ulimini likakaya.

Si "kulinda", nikaanza,
Si "kuchunga", si "kutunza",
Kalamu ikanifunza
Nikaandika: himaya.

Likapendeza machoni
Ha na mimu mabegani
Kama ndugu safarini
Wawili wategemeya.

Wazee wakaridhika
Pete wino wakapaka
Bendera ikainuka
Ngomeni ikapepeya.

Kisha forodha si yetu
Si nanga wala si mtu
Risasi zikaja Witu
Mji ukateketeya.

Nikaandika hesabu
Ya baruti na taabu
Moshi ungali karibu
Nikapokea rupiya.

Kipimo kikabadili
Pishi zikawa ratili
Na saa mbili si mbili
Ni saa nane, Ulaya.

Mkunumbi na Kipini
Mtama wafa shinani
Hakuna jembe kondeni
Nyani wajivuniliya.

Kwetu tukalalamika
Mali ile kutoweka
Mikono iloiweka
Hatukuikumbukiya.

Kaja mtu mlangoni
Zafarani wa shambani
Mtumwa wetu zamani
Kwa baba alolimiya.

Mkononi ana cheti
Kimefungwa kwa ukuti
Hakutaka hata kiti
Akasema: "Nisomeya."

Nikasoma: "Wewe huru."
Hakusema kushukuru.
"Shamba je? Nyumba? Ushuru?
Nani atanilipiya?

"Miaka niliyolima
Imeandikwa? Tazama
Chini ya cheti, kwa nyuma,
Pengine imesaliya."

Nikageuza: hakuna.
Weupe wa shuka pana.
Akasema, "Ewe bwana,
Lile neno la himaya

"Si geni masikioni.
Babako pale shambani
Akisema: 'Mu nyumbani,
Mu kwangu, mu na himaya.'

"Mtama wetu akila
Tukiuguwa, hulala
Mwanangu kauzwa Shela
Himaya ikanyamaya."

Sikupata la kunena.
Kidoleni naliona
Doa la wino la jana
Kwenye ngozi limengiya.

Akafunga cheti chake
Ndani ya ukuti wake
Nasikiya nyayo zake
Kwa mbali zikipoteya.

Mdachi naye kahama
Kisanduku kikakwama
Kuku ndani huatama
Mayai akilaliya.

Nami karani mzee
Neno zuri lisogee
Huuliza nielee:
Nani wamtumikiya?